Pikipiki Nne Katika Bonde la Kerio

Watu wengi nchini mwetu wakisikia neno pikipiki, mawazo yao huenda moja kwa moja kwa vijana wa boda boda waliojazana njia panda, au kwa wodi ya hospitali yenye miguu iliyofungwa plasta. Siwalaumu, maana yote mawili yapo. Lakini iko pikipiki ya namna ya tatu isiyosemwa sana, nayo ni ile ambayo mtu mzima mwenye kazi yake huipanda kwa hiari, pamoja na rafiki zake, kwenda mahali ambapo hana shughuli yo yote ila kuiona nchi. Jirani yangu mmoja aliponiuliza tunakwenda Kabarnet kufanya nini, nikamjibu kwamba tunakwenda kwa ajili ya njia yenyewe. Alinitazama kama mtu aliyepungukiwa na akili. "Njia?" akasema. "Kwani hapa hakuna njia?"

Basi habari hii naiandika kwa ajili yake, na kwa ajili ya wengine wanaofikiri kama yeye.

Tulikuwa wanne. Wa kwanza ni Mzee, mkulima wa mahindi na ngano upande wa Moiben, ambaye umri wake umepita miaka 60 na ambaye ameendesha pikipiki tangu ujana wake. Wa pili ni Mwalimu wa shule ya msingi. Wa tatu ni Fundi, kijana wa miaka 28, afunguaye injini na kuifunga kama mama amenyavyo viazi. Wa nne ni mimi, karani wa chama cha ushirika cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Majina yetu siyataji, kwa kuwa wenzangu hawapendi kutajwa gazetini, na kusema kweli hata sisi wenyewe huitana kwa kazi zetu. Pikipiki zetu zilikuwa za kawaida, zile zile za boda boda, zenye injini isiyozidi sentimita za ujazo 150, isipokuwa ya Fundi iliyokuwa kubwa kidogo na yenye kelele nyingi zaidi ya ukubwa wake.

Jambo lililoifanya safari hii kuwa nzito tangu mwanzo lilikuwa la Mwalimu. Mwaka 2020 lori lilimsukuma nje ya barabara katika mteremko, nalo likaenda zake bila kusimama. Mguu wake wa kulia ulivunjika mahali pawili, akatembea kwa magongo muda wa miezi saba. Alipopona aliiweka pikipiki ghalani, akaifunika kwa magunia, na kwa miaka miwili alikwenda shuleni kwa miguu, kilomita 6 kwenda na 6 kurudi, akituambia kwamba anafanya mazoezi ya mwili. Hakuna aliyemwuliza zaidi. Kisha jioni moja ya Novemba 2022 alikuja nyumbani kwangu, akakaa, akanywa chai, akazungumza habari za mtihani wa darasa la nane, na alipokuwa ameshika mlango kwenda zake akasema, "Karani, nimesikia mnakwenda Kabarnet mwezi ujao. Nami nitakwenda."

Kesho yake mkewe alinijia ofisini. "Shemeji," alisema, "mimi simkatazi. Mwanamume akikatazwa jambo la namna hii atalifanya kwa siri, na hilo ni baya zaidi. Lakini mkimwacha nyuma hata mara moja, usije tena kwangu kutaka chai."

Fundi aliitoa pikipiki ya Mwalimu katika magunia, akabadilisha matairi yote mawili, nyaya za breki, vipande vya ndani vya breki ya nyuma, na mnyororo. Mwalimu naye akaanza kuzunguka uwanja wa mpira wa shule baada ya saa za masomo, polepole, watoto wakimtazama. Hayo yalikuwa mema. Ubishi ulizuka siku ya mwisho, tulipokutana kupanga nani awe mbele na nani nyuma. Fundi alidhani neno hilo halina haja ya kujadiliwa. Alisema, "Mimi nitatangulia niwapimie njia." Mzee akajibu, "Wewe utakuwa wa mwisho."

Fundi alikasirika waziwazi. Akauliza kama yeye ni mtoto, hata awekwe mkiani, hali ndiye ajuaye pikipiki kuliko sisi sote. Mzee hakupandisha sauti. Alisema kwamba ng'ombe wakipelekwa mtoni, mchungaji mwenye mbio na macho makali hukaa nyuma ya kundi, maana aliye mbele hawezi kumwona ndama aliyeanguka. "Na tena," akaongeza, "spana zote unazo wewe. Ukiwa mbele kilomita 5, mimi nikipata pancha nitaitengeneza kwa meno?" Mpango ukawa hivi: Mzee mbele, Mwalimu wa pili, mimi wa tatu, Fundi nyuma. Yule wa pili ndiye apimaye mwendo wa wote, kwa kuwa kiongozi humwangalia katika kioo chake, naye akipunguza, kiongozi hupunguza. Tena mtu akifika penye kona kubwa au njia panda, haondoki mpaka amwone mwenzake wa nyuma. Sijui kanuni hii iliandikwa wapi, lakini tangu siku ile sijaona iliyo bora kuliko hiyo kwa watu wanaosafiri pamoja milimani. Kikundi kinachoongozwa na mwenye mbio huwa si kikundi baada ya kona tatu za kwanza.

Tuliondoka Eldoret Alhamisi, tarehe 29 Desemba 2022, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mahindi yakiwa yamekwisha kuvunwa na mabua yamelazwa mashambani. Baridi ilipenya glavu. Njia ya kwenda Iten ni nyepesi, kilomita 30 na zaidi, lakini huko hewa ni nyembamba, kwa kuwa mji ule uko kwenye kimo cha karibu mita 2,400 juu ya bahari. Injini ndogo yenye kabureta huhisi jambo hilo. Petroli huwa nyingi kuliko hewa ya kuichoma, na pikipiki huvuta kwa unyonge kama mtu aliyeamka na homa. La ajabu ni kwamba hewa ile ile inayoidhoofisha injini ndiyo inayowapa nguvu wakimbiaji. Tuliwapita makundi kwa makundi kando ya barabara, vijana wembamba waliotoka jasho katika baridi ile, nao kidogo watupite sisi. Ndiko aliko Brother Colm O'Connell, Mwairishi aliyekuja kufundisha shule ya St. Patrick's mwaka 1976, na ambaye mwanafunzi wake wa mbio, David Rudisha, alikimbia mita 800 mjini London mwaka 2012 kwa dakika 1 na sekunde 40.91.

Ukitoka Iten mwendo mfupi tu, nchi inakwisha ghafula. Sina maneno mengine ya kulieleza jambo hilo. Upande mmoja ni mashamba na nyumba za mabati na ng'ombe wa maziwa, na hatua chache mbele hakuna kitu ila hewa, na chini yake, zaidi ya mita 1,000, limelala Bonde la Kerio, rangi ya kijivu na kahawia, na ng'ambo yake milima ya Tugen imesimama kama ukuta wa pili. Mtaalamu wa miamba aitwaye J. W. Gregory, aliyesafiri katika nchi hizi hadi Baringo mwaka 1893, ndiye aliyeeleza kwamba Bonde la Ufa halikuchimbwa na mto, bali ardhi ilipasuka kwa nyufa ndefu, na kipande cha katikati kikadidimia. Mtu akisimama pale juu huhitaji dakika moja tu kumsadiki.

Mwalimu hakuwa akiwaza habari za Gregory. Alikuwa ameivua helmeti yake na kukaa juu ya jiwe, akiitazama barabara chini yetu jinsi inavyojikunja na kujikunjua ubavuni mwa gema. Lori moja lilikuwa likipanda, dogo kama mdudu. Alilitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nendeni ninyi. Mimi nitawangoja Iten mpaka mrudi."

Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi ya kumtia moyo, nashukuru sikupata nafasi ya kuyasema. Mzee alikuja akakaa kando yake. "Nani amekuambia uende Kabarnet?" akamwuliza. "Unauona mti ule, pale njia inapopinda? Sisi tunakwenda kwenye mti ule. Tukifika, ukitaka kurudi, tutarudi wote wanne, tule nyama Iten, tulale." Mwalimu akaupima mti ule kwa macho. Ulikuwa umbali wa mita mia nne hivi. Akavaa helmeti.

Hapo naomba msomaji anivumilie nieleze kidogo namna ya kuteremka, kwa kuwa nimeona vijana wengi wakiteremka kana kwamba wamechoka kuishi. Pikipiki ndogo ina breki ya ngoma nyuma, nayo ikishikwa mfululizo hupata moto, na ikipata moto huacha kushika. Kwa hiyo mteremko huanza kwa gia ndogo kabla ya kuteremka, si baada ya kuona mambo yamekuwa mabaya. Sisi tulitia gia ya pili pale pale juu, tukafunga mafuta, tukaiacha injini yenyewe iizuie pikipiki, na breki tukazigusa kidogo tu kabla ya kila kona, pikipiki ikiwa bado imesimama wima. Ndani ya kona mkono huachia breki. Macho nayo hayatazami bonde, wala hayatazami tairi la mbele, bali hutazama mahali kona inapotokea, maana pikipiki hufuata macho ya mpandaji. Ukilitazama shimo utaingia shimoni. Kadhalika kaa upande wako hata kama njia ni tupu, kwa kuwa dereva wa lori anayepanda na mzigo hupenda kukata kona.

Tukafika kwenye mti. Mwalimu hakusema kitu, nasi hatukumwuliza. Mzee akanyosha kidole akionyesha jiwe kubwa jeupe mbele yetu. Tukaenda kwenye jiwe. Kisha kwenye kibanda cha mwuza mkaa. Kwa namna hiyo tukaushuka ukingo ule vipande vipande, mpaka karibu na Tambach, ambako zamani za ukoloni ndiko yalikokuwa makao ya Bwana D.C. wa Elgeyo-Marakwet, na ambako marehemu Rais Moi alisomea ualimu.

Hapo kabla ya kuingia Tambach nilitazama kioo changu, nikaona Fundi hayupo. Nikapiga honi, tukasimama wote watatu. Tulingoja dakika mbili, tatu, tano. Nilikuwa bado nasema kwamba pengine amesimama kukaza mnyororo, nikasikia injini inawaka, na nilipogeuka Mwalimu alikuwa amekwisha kuigeuza pikipiki yake na kuanza kuupanda mlima ule aliokuwa ameuteremka kwa hofu. Hakumngoja mtu. Mzee alinitazama, nami nikamtazama, kisha tukamfuata.

Fundi tulimkuta nyuma ya kona mbili, salama kabisa, amechuchumaa kando ya pikipiki ya kijana mmoja wa boda boda. Kijana huyo alikuwa amempakia mama na mtoto na gunia la viazi, akateremka na injini imezimwa ili asipoteze petroli. Breki ya nyuma ilikuwa ikitoa moshi na harufu ya kamba inayoungua, na ile ya mbele ilikuwa imelegea zamani. Fundi alikuwa amemwona anampita kwa kasi isiyo ya kawaida, akamfuata akimpigia kelele, na kijana kwa bahati njema akaweza kuielekeza pikipiki kwenye mchanga wa mfereji. Mama yule alikuwa amekaa majanini, mtoto mapajani, anatetemeka. Kijana alitaka kumwaga maji juu ya breki. Fundi alimkatalia, maana chuma chenye moto kikimwagiwa maji baridi chaweza kupasuka. Tulikaa nusu saa nzima tukingoja ipoe yenyewe, kisha Fundi akazikaza zote mbili, akamwonyesha gia ya pili, akamwapisha kutoizima injini tena mlimani. Pesa hakutaka. Mama akatupa ndizi.

Sikumsikia tena Fundi akilalamikia mkia.

Chini bondeni joto lilitupokea kama mlango wa tanuri. Makoti tukayafunga kwenye keria. Ilikuwa miaka ya ukame, na ng'ombe tuliowaona walikuwa mbavu tupu, lakini kando ya barabara akina mama walipanga maembe katika ndoo, matamu kupita yale yafikayo sokoni Eldoret baada ya siku tatu ndani ya magunia. Mzee hakuacha kuitazama miteremko tuliyotoka. Alituonyesha mashamba ya mahindi yaliyolimwa mahali ambapo mbuzi angeteleza, bila tuta moja wala mti, akasema kwamba huko si kulima bali ni kuuteremsha mlima kwa jembe. Alikumbuka Chesegon, upande wa kaskazini, ambako mwezi wa Aprili 2020 mvua iliporomosha udongo na mawe juu ya watu. Ajabu ni kwamba ukingo huo huo ndiko iliko mifereji ya Wamarakwet, iliyochimbwa na mababu zao tangu karne zilizopita ili kuyaleta maji ya mito kutoka juu mpaka mashambani bondeni, nayo yafanya kazi hata leo. Mzee alisema angependa kuiona kabla hajafa. Nami nimemwahidi.

Mto wenyewe tuliuvuka Cheploch, mahali unapojibana katika korongo jembamba la mawe. Vijana wa hapo hujirusha majini kutoka juu ya majabali ili wageni wawape pesa kidogo, na mamba wamo katika mto ule. Fundi alikuwa amekwisha kuvua kiatu kimoja, Mzee akamwamuru akivae.

Kuupanda upande wa Tugen hakuna mengi ya kusema. Kupanda ni kazi ya injini, nayo haijui woga. Tulikwenda kwa gia ya pili na mara nyingine ya kwanza, upepo ukazidi kuwa baridi, miti ikarudi. Kaskazini mwa milima hiyo ndiko wataalamu walikookota mwaka 2000 mifupa ya kiumbe wanachokiita Orrorin, wa miaka kama milioni 6 iliyopita, ambaye mfupa wake wa paja unawafanya waamini kwamba alitembea kwa miguu miwili. Niliwaza sana habari hiyo, hasa kwa kuwa mbele yangu alikuwa mtu aliyejifunza kutembea mara mbili katika maisha yake.

Kabarnet tulifika saa kumi na moja jioni. Tulikula ugali na nyama ya mbuzi, tukanywa mursik katika nyumba ya wageni iliyo safi, tukatazama taa za Iten ng'ambo ya bonde tulikotoka asubuhi. Mguu wa Mwalimu ulikuwa umevimba. Alidhani sioni alipokuwa akiusugua chini ya meza. Alimpigia mkewe simu nje, uani, na aliporudi akalala mara moja.

Asubuhi tulipokuwa tukipasha injini moto, Mzee alisema kwamba njia ya Marigat inaelekea mashariki, na jua la asubuhi humwumiza macho, kwa hiyo mtu mwingine atangulie. Macho ya Mzee hayana neno. Huona kunguru kwenye mahindi yake toka barazani. Fundi alinyamaza. Mwalimu akafuta kioo cha helmeti yake kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akapanda, akatutangulia. Mteremko ule nao ni mrefu, una kona nyingi na kokoto zilizomwagika katika lami, na aliushuka kwa gia ya pili, akisimama baada ya kila kona kubwa mpaka amhesabu wa mwisho. Nilimwona akihesabu kwa kidole, kama ahesabuvyo watoto wa darasa lake wakirudi kutoka mtoni.

Marigat tulikunywa chai karibu na mashamba ya Perkerra, yanayonyweshwa kwa mifereji, na ambayo kazi yake ilianzwa mwaka 1954 kwa mikono ya watu waliofungwa wakati wa Hali ya Hatari. Kisha tukaenda Kampi ya Samaki kuliona Ziwa Baringo. Tangu mwaka 2010 hivi maji ya ziwa hilo yalikuwa yakipanda, na kufikia 2020 yalikuwa yamemeza nyumba, hoteli, shule na vipande vya barabara. Tuliona mapaa yanayochungulia majini na miti iliyokauka ikisimama mbali na ukingo. Mvuvi mmoja alituonyesha kwa kasia mahali ilipokuwa nyumba ya kaka yake. Maji yake si ya chumvi, ingawa hakuna mto uonekanao ukitoka ziwani. Hujipenyeza chini ya ardhi. Mwalimu aliyaeleza hayo yote kwa mvuvi, ambaye alimsikiliza kwa adabu, akasema kwamba angefurahi yangejipenyeza upesi zaidi.

Tukapita Mogotio penye mstari wa Ikweta, tukalala Nakuru, na tarehe 31 tukarudi kwa barabara kuu ya malori. Hapo Mzee alikamata tena nafasi yake ya mbele. Kila lori lilipotupita Mwalimu alisogea ukingoni, mabega yamekaza, na lilipokwisha kupita alirudi katika mstari. Timboroa mvua nyembamba ilianza, tukasimama kuvaa makoti na kununua viazi vya kuchoma. Eldoret tulifika saa kumi, mikono imekufa ganzi, tumekwenda zaidi ya kilomita 400, Fundi bado nyuma yetu na spana zake, akipiga honi kila tulipomwona mkewe Mwalimu amesimama penye lango na sisi tukataka kupita bila kusimama.